Njia ya Chini

Kijijini kwa bibi yangu, huko milimani Tusheti,
ambako theluji hufunga barabara tangu Oktoba
na karani wa posta husema tu: subirini Juni,
zipo njia mbili za kwendea chemchemi.

Ya juu inapita mbele ya madhabahu:
mawe makavu yaliyopandana, bila mlango,
pembe za mbuzi-mwitu zimepangwa juu yake,
na kengele isiyolia ila kwa mkono wa mwanamume.
Hatua mia mbili na kumi. Binamu yangu alinihesabia.

Ya chini ni yetu.
Inateremka hadi kwenye upupu, inavuka kijito,
inapanda tena huku ndoo ikikugonga goti.
Hizo nilizihesabu mwenyewe: mia sita na nne.
Siku ya mvua, ongeza kuteleza.

Mjomba Imeda, mtumishi wa mahali pale,
alinieleza kwa upole, kama anayempa mtoto dawa:
"Ni damu, mwanangu. Si kosa lenu. Damu tu."
Asubuhi hiyo alikuwa amechinja kondoo watatu.
Alisimama akijipangusa kwa nyasi
wekundu uliomfika viwikoni.
Nikamtazama mikono.
Naye akatazama mawingu, akasema huenda ikanyesha.

Bibi Mzekala halalamiki.
Siku ya sikukuu huwasha mshumaa wake huku chini,
kwenye jiwe ambalo halina jina,
na sala zake anazirusha juu kama anayewarushia kuku mtama.
Mara moja tu, tukichambua sufu, alisema
bila kuinua macho:
"Huyo Imeda nilimpitisha njia ya chini miezi tisa.
Kijito kilikuwa kimefura. Kama wanaume wana njia yao,
mbona hakutoka akapita juu peke yake?"
Akacheka hata akakohoa,
kisha akajipiga ishara ya msalaba, upesi upesi,
kama mtu anayefunika chungu paka asione.

Alimzalia zizini, chini ya sakafu ya nyumba,
mwezi Machi, katikati ya pumzi za ng'ombe.
Siku arobaini. Mkate ukisukumwa kwa ubao mrefu
na mama mkwe aliyegeuza uso.
Nilingoja aseme aliteseka.
"Nililala," akasema. "Tangu niolewe sikuwahi kulala vile.
Ng'ombe hakuulizi kama u twahara."

Mimi nimesoma Tbilisi. Najua homoni kwa majina.
Nilipanda mlima na hasira niliyoipiga pasi,
nimeikunja vizuri, tayari kuvaliwa.
Yeye akanipa sindano tano na uzi wa rangi ya komamanga,
akasema kisigino changu kimelegea, nifumue.

Maana mtumishi haingii pale na viatu.
Huingia na soksi, na soksi lazima ziwe mpya,
na soksi mpya, kwa miaka thelathini na moja,
amezifuma Mzekala.
Amezifuma akiwa mwezini na asipokuwa mwezini,
usiku, kwa kibatari, uzi akiulowesha kwa mate.
Hakuna aliyewahi kuziuliza sindano siku zao.

Mwaka huu nilisimama kwenye njia panda nikaona
visigino viwili vyekundu vikipanda kwenye mawe,
kimoja imara,
kimoja kimelegea kidogo.

Jioni Imeda alizileta, zimekunjwa, zimechafuka.
Bibi akazitia beseni.
Udongo wa mahali ambapo hajawahi kukanyaga
ukaachana na sufu, ukaelea, ukatua,
ukamwingia chini ya kucha.
Alisugua kama anavyosugua kitu chochote.
Kisha akayabeba yale maji hadi kwenye njia yetu
na kuyamwaga penye upupu.

"Hapa huwa panateleza," akasema.
"Udongo kidogo utasaidia."